Bi Tisa, Barua za Chunusi na Kisanduku Nilichokikata

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, mhariri wa ukurasa wa afya wa gazeti letu atakabidhi funguo za kabati lake la chuma na kustaafu. Atakuwa amelitumikia gazeti hili kwa miaka thelathini na mmoja na miezi mitatu. Hakuwahi kukosa wiki, ukiondoa likizo mbili za uzazi na siku kumi za tetekuwanga aliyoambukizwa na mwanawe wa pili.

Humu ndani hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Bi Tisa, kwa sababu ukurasa wake, unaotoka kila Alhamisi, ni wa tisa na hajawahi kukubali kuhamishwa. Wageni wakilisikia jina hilo hudhani amezaa watoto tisa. Amezaa wawili, na anasema ukurasa umemchosha kuliko wote wawili.

Kamati ya hafla ilitafuta mtu wa kuandika wasifu huu, kazi ikaniangukia mimi. Nadhani walitaka mtu anayekumbuka tarehe. Hawakujua kwamba wanampa kalamu mtu aliyemwonea wivu Bi Tisa kwa miaka ishirini na mitatu, yaani tangu siku nilipoajiriwa. Nalisema mapema ili msomaji ajue habari hii inatoka kwa nani.

Bi Tisa hakuja hapa kama mwandishi. Alikuwa muuguzi wa zahanati kwa miaka minne. Zahanati ilipofungwa akaomba kazi ya kusahihisha, na katika barua yake ya maombi akaorodhesha makosa kumi na manne aliyoyakuta kwenye toleo letu la Jumapili. Mhariri mkuu wa wakati ule alinuna siku mbili, siku ya tatu akamwajiri. Miaka mitano baadaye mwandishi wa afya alihamia redioni, na Bi Tisa akaombwa aushikilie ukurasa kwa wiki mbili. Hizo wiki mbili zinaisha Ijumaa hii.

Kilichoupa ukurasa wake jina ni safu ya barua iitwayo “Yamenikuta”. Watu waliandika yaliyowapata walipotumia dawa, si yale waliyoyasikia kwa jirani. Barua ilipaswa kujibu mambo matatu: ulimeza nini, kwa muda gani, nini kikatokea. Mengine yote, alisema Bi Tisa, ni mapambo. Yeye mwenyewe hakumwambia mtu ameze wala asimeze. Barua zilipita kwa daktari wa ngozi mwenye kliniki mtaa wa pili kutoka hapa, naye aliandika maonyo pembeni kwa wino mwekundu.

Utaratibu wake wa Jumanne wageni waliuona kama tambiko. Saa tatu asubuhi alikaa mezani na barua za wiki. Alifungua bahasha kwa rula, akaitoa barua, akaigonga mhuri wa namba, inayoanza upya kila mada, kisha bahasha akaichana vipande vinne mbele ya yeyote aliyekuwepo na kuitupa. Kuanzia hapo barua haikuwa na mwenyewe, ilikuwa na namba tu. Chini ya safu ilichapwa ahadi ileile kila wiki: hatutakutafuta, hatutauliza wewe ni nani. Watu waliiamini. Wanaume waliowaficha wake zao vidonda vya tumbo walimwandikia Bi Tisa kurasa nne, mbele na nyuma.

Safu iliyovunja rekodi ilikuwa ya chunusi. Ilianza miaka kumi na miwili iliyopita, mfamasia mmoja alipomnong'oneza kwamba nusu ya vijana wanaoingia dukani kwake wanaulizia “vidonge vya uso”, yaani antibayotiki ya kumeza ambayo madaktari huiandika kwa chunusi sugu. Bi Tisa akaweka swali la mistari mitatu: umewahi kumeza vidonge hivyo, na je, yalikukuta yapi? Alitegemea barua za wiki nne. Zilikuja kwa miezi kumi na minne.

Nimezisoma upya zote kwa ajili ya wasifu huu. Mshona nguo mmoja alimeza kidonge chake kwa funda moja la chai, akajinyoosha kwenye kochi. “Niliamka nikadhani nimemeza kaa la moto,” aliandika, “na wiki nzima hata mate yalipita kwa kuomba ruhusa.” Pembeni, wino mwekundu: maji glasi nzima, na usilale kabla ya nusu saa. Mlinzi wa benki, aliyesimama mlangoni kutwa, alipata nafuu wiki ya saba, ila jua lilimbabua shingo na masikio mpaka wateja wakamuuliza kama amemwagikiwa na mafuta. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba dawa ile haipatani na jua. Wakubwa wake wakamhamishia ndani, karibu na feni, na barua yake ilimalizika kwa kuzishukuru chunusi.

Bibi harusi mtarajiwa alianza dozi wiki nane kabla ya siku yake. Wiki ya tatu uso ukawa mbaya kuliko mwanzo, na mama mkwe akamletea sabuni tatu za kusugulia. Alizificha sabuni, akaendelea na vidonge. “Siku yenyewe zilibaki mbili kidevuni,” aliandika, “nikazisamehe.” Mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi wake walikuwa na mchezo wa kuzihesabu chunusi zake kipindi kikipoa, alisafika kabisa kwa miezi mitatu. Alipoacha zikarudi zote, na wageni wao. Mama mmoja alimshitaki kijana wake aliyegawana dozi na rafiki yake nusu kwa nusu, kwa sababu ya urafiki. Urafiki ulidumu, na chunusi za wote wawili nazo zikadumu.

Ndivyo zilivyokuwa. Hakuna aliyejifanya msomi, na hakuna aliyesema uongo ambao daktari hakuugundua.

Wakati huohuo mimi nilikuwa na habari ya daraja lililojengwa kwa nondo pungufu. Niliifuatilia kwa miezi minne. Ilikaa ukurasa wa kwanza siku tatu mfululizo, na mkandarasi akafikishwa mahakamani. Nilipata barua mbili kutoka kwa wasomaji. Moja ilisahihisha urefu wa daraja. Wiki hiyo Bi Tisa alipata barua mia moja na nane. Najua idadi hiyo kwa sababu nilishuka masijala nikazihesabu, nikijifanya natafuta bahasha yangu.

Kinyozi wangu ndiye aliyenimaliza. Ukurasa wa kwanza, wenye jina langu, alikuwa amefutia povu la wembe. Ukurasa wa tisa ulikuwa umekunjwa vizuri mfukoni mwa koti lake.

“Huyu mama anaandika ukweli,” aliniambia. “Nyinyi wengine mnaandika tu.”

Kwenye vikao vya Jumatatu nikaanza vijembe. Kila zamu yake ilipofika niliuliza ni wiki ya ngapi hii tunajadili chunusi.

“Ya thelathini na mbili,” alinijibu siku moja bila kuinua macho. “Na daraja lako, kaka, limeshasimama?”

Chumba kizima kilicheka, mhariri mkuu akiwemo. Nilicheka pia. Nilipotoka pale nilikuwa nimeamua kwamba nafasi ya ukurasa wa tisa ni kubwa mno.

Binti yangu ameiruhusu sehemu inayofuata. Ameisoma kabla haijaenda mitamboni na kuondoa aya mbili. Sikumuuliza kwa nini.

Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa na miaka kumi na saba, na chunusi zake zilikuwa zile kubwa, zinazouma kabla hazijaonekana. Mashavu yangu yana mashimo tangu ujana, kwa hiyo nilijiona mtaalamu. Nilimwambia zitapita zenyewe. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaenda kliniki na mama yake, akaandikiwa antibayotiki ya kumeza kila siku kwa miezi mitatu. Mimi sikuambiwa, na sikuuliza.

Wiki ya saba uso ulianza kutulia. Wiki hiyohiyo kichwa kikaanza kumuuma, zaidi asubuhi, na zaidi akiinama kufunga kamba za viatu. Mwenzake wa darasani alikuwa amempa vidonge vya vitamini A, eti vinaharakisha ngozi, naye alivimeza pamoja na vile vya daktari bila kumwambia mtu. Baadaye maandishi ya ubaoni yakaanza kuonekana mawili mawili. Hata hayo aliyaficha, kwa sababu alijua tungemnyang'anya vidonge, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili alikuwa anaweza kujitazama kwenye kioo. Aliandika barua kwa Bi Tisa, akauliza kama kichwa kitaacha chenyewe.

Ikagongwa mhuri namba 612.

Bi Tisa aliisoma Jumanne asubuhi. Alikuwa amewahi kuona mgonjwa wa aina hiyo enzi za zahanati. Daktari wa ngozi alikuwa safarini mpaka kesho yake, kwa hiyo hakungoja wino mwekundu. Aliandika kisanduku cha mistari minne na kukiweka chini ya safu yake, upande wa kulia: “Kwa mwandishi wa barua namba 612. Acha vidonge vyote viwili leo. Nenda hospitali leo, waambie habari ya kichwa na macho. Hakuna atakayekugombeza.” Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwambia msomaji la kufanya. Jumatano saa tisa alasiri alitoka kwenda kumwonyesha daktari barua yenyewe. Daktari alisema kisanduku kiko sawa na kisikose kutoka. Kutoka pale akaenda nyumbani, akiwa na uhakika kwamba asubuhi gazeti litasema.

Saa tisa na nusu nilisimama mezani kwa mpangaji kurasa. Nilikuwa na habari ya stendi mpya ya mabasi, ambayo ufunguzi wake ulikuwa umeahirishwa kwa mara ya tano, na ukurasa wangu ulikuwa umejaa matangazo.

“Chukua sentimita sita za Bi Tisa,” alisema mpangaji. “Chagua mwenyewe, mimi nina meno yananiuma.”

Nilichukua penseli. Kisanduku kilikuwa mahali pazuri. Nilisoma mstari wa kwanza, nikaona ni salamu za Bi Tisa na mashabiki wake, nikapiga mstari juu yake kuanzia kona hadi kona. Habari ya stendi ikakaa pale vizuri sana. Nakumbuka nilifurahi, na sikufurahia stendi.

Alhamisi asubuhi Bi Tisa alifungua gazeti akiwa bado amesimama, mkoba begani. Aliongea na mpangaji kurasa kwa muda mfupi, kisha akaja kwangu.

“Ni wewe uliyekata kisanduku changu?”

“Nilihitaji nafasi, dada.”

“Ulikisoma?”

“Mstari wa kwanza.”

“Haya,” alisema, akarudi mezani kwake.

Toleo la kesho lingekuwa na ukurasa wa tisa wa kilimo, ambao msichana yule asingeufungua, na Alhamisi nyingine ilikuwa mbali. Bi Tisa alikuwa na jambo moja zaidi ambalo tangu Jumanne alikuwa amejizuia kulitumia. Barua ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya gazeti, ile ya rangi ya vumbi. Rola ikikaribia kuisha mitamboni, mabaki yake hukatwa, na wafanyakazi huyachukua nyumbani watoto wakafanyie hesabu. Hayauzwi popote. Aliyeandika alikuwa mtoto wa mmoja wetu.

Kumtafuta kulimaanisha kuvunja ahadi iliyochapwa chini ya safu kwa miaka kumi na mitano, na bila ahadi hiyo safu ingekufa. Bi Tisa alikaa kama dakika kumi. Kisha akaichukua barua, akaweka rula, akakata kipande chembamba kama kidole, akaanza na meza za michezo. Aliuliza swali lilelile kila meza: kuna mtu ana kijana nyumbani mwenye mwandiko huu? Mwandishi wa michezo alisema wake hajui kuandika kabisa. Mpiga picha akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa meza ya nne.

Kipande kilikuwa na maneno manne: “asubuhi kabla ya shule”. Herufi k ilikuwa na mguu ulioteremka chini ya mstari na kupinda kama ndoano. Niliiona k hiyo kila siku kwenye orodha ya sokoni iliyobandikwa kwenye friji letu.

“Huyu ni wangu,” nilisema.

“Yuko wapi sasa hivi?”

“Shuleni.”

“Simama twende.”

Kwenye teksi nilimwomba barua. Aliishika mapajani kwa mikono miwili. Alinieleza anameza nini, kwa muda gani, na nini kimetokea. Ndipo nilipofahamu kisanduku kilikuwa cha nani. Nilimuuliza na yaliyobaki.

“Yaliyobaki hakukuandikia wewe,” alisema. Dereva akaniangalia kwenye kioo, kisha akaangalia barabara.

Tulimkuta kwenye chumba cha wagonjwa cha shule, amejifunika sweta usoni kwa sababu mwanga ulimuumiza. Alilitoa sweta, akatutazama kwa zamu. Mimi nilikuwa nimeshafungua mikono. Alinipita kwa macho.

“Wewe ndiye Bi Tisa?”

“Ndimi, mwanangu. Vaa viatu. Usiiname, nitakufunga mimi.”

Nimeripoti mafuriko, migomo na ajali mbili za treni, na husemwa kwamba sishituki. Pale mlangoni nilimwonea wivu mwanamke aliyepiga goti sakafuni akimfunga binti yangu kamba za viatu, na wivu huo ulikuja kabla ya hofu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Hospitalini daktari wa macho alimulika kwa taa na kukuta mshipa wa fahamu wa jicho umevimba pande zote mbili. Alieleza kwamba dawa ile, mara chache sana, huongeza shinikizo ndani ya kichwa, na vitamini A ikichanganywa nayo hatari huwa kubwa zaidi. Alisema tungechelewa siku kadhaa zaidi, huenda sehemu ya uoni isingerudi tena. Wakampima kichwa, wakatoa maji kidogo mgongoni, wakasimamisha vidonge vyote na kumpa dawa ya kupunguza shinikizo. Alilazwa siku tisa. Bi Tisa alikuja siku saba kati ya hizo, baada ya kazi. Mara mbili niliketi kwenye benchi la korido, nikawasikia wakicheka ndani. Nilipoingia walinyamaza, si kwa ubaya, ila kama watu waliomaliza mazungumzo.

Macho yalirudi sawa kwa muda wa miezi miwili. Chunusi nazo zilirudi, na daktari wa ngozi akazitibu kwa njia nyingine, polepole. Leo binti yangu ni mpima ardhi.

Nilikwenda mezani kwa Bi Tisa Jumanne iliyofuata nikamwambia nimekosa. Aliendelea kugonga mhuri.

“Ungekisoma chote, ungekikata?”

“Hapana.”

“Basi ugonjwa wako ni kutosoma. Huo unatibika.”

Hakulitaja tena jambo hilo mbele yangu, wala mbele ya kikao. Nilisubiri alitaje, mwezi mzima. Ningekuwa mimi ningelitaja.

Mbele ya wasomaji alilitaja mwenyewe. Alhamisi hiyo ukurasa wa tisa ulifunguliwa na aya moja: nimevunja ahadi, nimemtafuta mwandishi wa barua namba 612, nimewaonyesha watu mwandiko wake, maneno manne, na ningefanya tena. Siku hiyohiyo alimpelekea mhariri mkuu barua ya kuuachia ukurasa. Mhariri mkuu aliitia kwenye droo, akasema tungoje tuone.

Barua zilianguka. Wiki ya kwanza zilikuja kumi na tisa, ya pili kumi na moja, ya tatu sita. Nilizihesabu zote, na safari hii sikujifanya natafuta chochote. Wiki ya nne mfanyakazi wa masijala alipandisha barua arobaini na tatu. Mojawapo, iliyogongwa namba 731, ilitoka kwa mwanamke aliyekuwa na miezi miwili akimeza vidonge vya uso. Alijibu mambo matatu kama ilivyotakiwa, na chini akaongeza: “Na mimi ukiona hivyo, nitafute.”

Kutokana na mstari huo Bi Tisa alibuni duara. Mwandishi akichora duara dogo juu ya barua yake, amekubali kutafutwa endapo kuna hatari, na bahasha yake haichanwi. Hufungiwa kwenye kabati la chuma kwa siku tisini. Asiyechora, ahadi ya zamani inabaki kama ilivyo. Kwa miaka kumi na moja Bi Tisa amewatafuta watu kumi na tisa. Kumi na saba walipatikana kwa wakati. Mmoja alikuwa amehama bila kuacha anwani, na mmoja alikuwa salama kabisa, akamfukuza mlangoni kwa ufagio. Duara hilo lilimpatia cheti kutoka chama cha wafamasia. Mimi nina vyeti viwili ukutani, vyenye fremu. Chake ameziba nacho tundu nyuma ya kabati, panya wasiingie kwenye barua.

Sheria nyingine ya humu ndani pia ni yake, ingawa wengi mnaoifuata hamjui ilikotoka: kisanduku cha ukurasa wa tisa hakikatwi bila saini ya aliyekiandika. Tangazo lake liko ukutani juu ya meza ya mpangaji kurasa. Nililichapa mimi.

Mwezi Machi, mhariri mkuu alipouliza nani ataurithi ukurasa, niliuomba kwa maandishi. Nina uzoefu wa miaka ishirini na mitatu. Bi Tisa alimchagua mwandishi wa michezo. Nilimfuata mezani kumuuliza sababu, kama mwenye haki.

“Wewe, kaka, unauliza mpaka upate,” alisema. “Yeye anauliza halafu ananyamaza. Barua zinataka mtu wa kunyamaza.”

Mwandishi wa michezo alikuwa meza ya pili, na alikuwa amenyamaza. Niliona ameshaanza kazi.

Wiki iliyopita Bi Tisa alipanga kabati lake, na Jumamosi alasiri akaja nyumbani kwetu na barua namba 612. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeiomba mara tatu, na mara tatu alikataa. Aliikabidhi mkononi mwa binti yangu, jikoni, mimi nikiwa nimeshika birika. Upande mmoja ilikuwa na pengo jembamba lililokatwa kwa rula. Binti yangu aliisoma amesimama, akacheka mara mbili.

“Baba, nikusomee mstari mmoja?”

Nilisema asome.

“‘Nyumbani kwetu kuna mtu ambaye kazi yake ni kuuliza maswali,’” alisoma. “‘Akirudi jioni huwa yamemwishia.’”

Bi Tisa alikuwa akikoroga chai yake, na hakuinua uso. Ndipo nilipojua kwamba tangu Jumanne ile hakuhitaji karatasi ya gazeti kumwonyesha aanzie wapi: mstari huo ulitosha kumleta chumba cha habari. Kwa miaka kumi na moja amekaa na mstari huo meza tatu kutoka kwangu, akisikiliza vijembe vyangu kila Jumatatu, na hakuutumia hata siku moja.

Alipoondoka nilimuuliza binti yangu kichwa kilikuwa kinaumaje. Sikuwahi kumuuliza. Alieleza kilianzia wapi, kilivuma vipi masikioni, alivyojifunza kushuka ngazi jicho moja likiwa limefumbwa, na alivyojitazama kwenye kioo cha choo cha shule akaona mashavu yake na kuamua kuvumilia. Ilichukua saa nzima na nusu. Sikushika kalamu wala daftari.

Bi Tisa, kwa niaba ya chumba cha habari, mitambo, masijala na wote waliowahi kukuchorea duara, tunakushukuru. Tunakuombea usingizi wa mchana, wajukuu wenye ngozi njema, na Jumanne nyingi zisizo na mhuri. Ishi vizuri, dada. Yale niliyoyasikia Jumamosi jikoni, wewe uliyasikia kwanza, na kwa hilo bado nakuonea wivu.